Mauti Tatu na Fundo la Kwaheri

Nyie vijana mkiitana "mshikaji" mnataka kusema rafiki. Mie nilikuwa mshikaji wa kweli. Kazi yangu ilikuwa kushika. Dotoro wa mifugo anakuja na sindano, mbuzi anamwona kama chui, sasa nani amshike? Mie. Mbwa achanjwe kichaa, nani ashike mdomo? Mie. Sindano bila mshikaji huingia kwenye paja la dotoro. Imeshaingia, na mie nilikuwepo, nikacheka mpaka nikakaa chini. Dotoro mwenyewe mpaka leo hajabweka, kwa hiyo nawaambieni chanjo inafanya kazi.

Nimeshika kutoka Palma mpaka Olumbi, na vijiji vyote vya katikati. Nimeshika beberu mmoja wa Tungue, ana nguvu kama lori la kampuni ya gesi. Aliniburuta kutoka sokoni mpaka majini, tukapita kwenye harusi ya watu, nikawasalimia nikiwa chini, wakanijibu, tukaendelea na safari. Na mbwa je! Mie Mwislamu, kila nikishika mbwa nanawa kwa mchanga. Ule ufuko wa Palma mnaouona mwembamba, msiseme bahari imeula. Mie nimeunawia.

Shule sikuingia hata kuchungulia. Aliyenifundisha ni Mzee Paulo, Mmakonde wa bara kule juu uwandani, ana chale usoni na mikono kama makasia. Alikuwa mshikaji kabla yangu. Siku ya kwanza nilimkamata mbuzi masikio, kama mnavyofanya nyie. Mzee Paulo akanijia taratibu, akanishika masikio yangu yote mawili, akavuta.

"Raha?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Basi."

Darasa likaisha. Mbuzi unamshika chini ya taya, kiganja wazi, kidevu kinapanda juu kidogo, na ubavu wake unaugandamiza kwenye paja lako asikie kwamba na wewe una moyo unapiga. Mbwa usimtazame machoni, mtazame mkia, maana macho ya mbwa hudanganya, mkia haujui uongo. Paka usimshike kabisa. Paka mfunike kanga, uombe Mungu.

Lakini somo kubwa la Mzee Paulo lilikuwa fundo. Watu wa pwani tunafunga mbuzi kwa fundo la mtumbwi. Ndilo tulilozaliwa nalo. Fundo la mtumbwi kadiri linavyovutwa ndivyo linavyokaza, na hilo ndilo tunalolitaka mtumbwi usiende Zanzibar peke yake. Sasa mtumbwi hauna shingo. Mbuzi anayo. Akishtuka, akavuta, linakaza. Akivuta tena, linakaza zaidi, mpaka anakufa hapo hapo karibu na majani yake. Mzee Paulo yeye alifunga fundo linaloachia ukivuta mkia wa kamba mara moja tu, fyuu. Hata mbuzi akiung'ata mkia ule anajifungua mwenyewe. Tuliliita fundo la kwaheri.

Na alikuwa na tabia yake. Akishamfungua mnyama, kamba haitupi chini. Anaifunga upya kwenye nguzo, kwa fundo lile lile, inamngoja mwingine. Kwa kuwa alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, mkia wa kamba yake siku zote uliningʼinia kushoto. Mie wangu kulia. Ukiingia zizini ukatazama nguzo, unajua nani alipita.

Sasa niwaambie habari ya sheria.

Dotoro Armindu alitoka kusini, kijana mzuri, mcheshi, Kiswahili hakijui. Siku moja akaja kijijini kwa kina Bi Mwanasha, mtamjua mbele, ng'ambo ya Olumbi kuelekea baharini, tukakusanya watu uwanjani kwenye goli la mpira, pale pale tulipokuwa tukipanga mbwa mstari wa chanjo. Akasema nchi ina sheria, lei, ya kuwalinda wanyama. Sikretariu wa kijiji, Mzee Anli, ndiye mtafsiri. Mzee Anli sikio moja liliuawa na baruti ya kuvulia samaki, na la pili lilikuwa bado liko kwenye msiba.

Kutesa mnyama kwa Kireno ni "maus-tratos". Sema haraka kama anavyosema mtu wa kusini: maushtratu. Dotoro akanyoosha kidole:

"Kumfunga mnyama bila maji, maus-tratos! Kumkaza kamba shingoni mpaka kidonda, maus-tratos! Kumwacha peke yake na njaa, maus-tratos!"

Mzee Anli akageukia watu, uso umemshuka.

"Anasema, mtu akimfunga mnyama bila maji, mauti tatu."

"Mauti ya nani?" akauliza mama mmoja.

"Ya nyumba hiyo hiyo," akajibu Mzee Anli, maana hajawahi kushindwa swali.

Watu wakashika vichwa. Laa ilaha illa llah. Mie mwenyewe nilisikia hivyo hivyo, mauti tatu. Dotoro akaona watu wameguswa, akafurahi, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Wazee wawili wakaondoka kwenda kufungua mbuzi wao. Ndani ya gari akaniambia kwa Kireno cha polepole ninachokielewa: "Watu wa hapa wanaheshimu sheria kuliko kwetu!"

Na kweli! Kijiji kile mbuzi walianza kupewa maji kabla ya waume. Kuku akipelekwa sokoni Palma alibebwa mgongoni kwa kanga kama mtoto, na wengine wakafunikwa wasipigwe na jua. Niliona bata kapakatwa kwenye chapa, kile kibasi cha abiria, mzee kasimama.

Nyumba moja tu haikubadilika. Bi Mwanasha, mke wa rafiki yangu Sumaili mvuvi, alikuwa na mbuzi jike mweupe, Kishaufu, mwenye kelele kama spika ya harusi. Sumaili alimfunga kwa fundo la mtumbwi, na shingo ya mbuzi ilikuwa na kidonda kama mkufu. Mzee Paulo, kila tukifanya kazi upande ule, alilala kwao. Alikuwa na mkeka wake pale na bakuli lake la bati lenye ukingo wa buluu. Miaka yote alilala pale, na miaka yote walimwita Mgeni.

"Dada, mbuzi si mtumbwi," alimwambia.

"Mgeni, kula ugali wako," alijibu Bi Mwanasha. "Mauti tatu zimetangazwa uwanjani, hapa jikoni hazijafika."

Mvua za mwaka ule Mzee Paulo akashikwa na homa, akafia pale pale kwenye mkeka wake. Tulimzika makaburi ya Wakristo kule Olumbi. Kumteremsha, mie nilimshika miguu. Mshikaji mpaka mwisho.

Halafu ikaja ile vita. Nyie mnaijua, wengine mmezaliwa porini humo humo tukikimbia, sina la kuwaongezea. Siku kijiji kilipokimbia, Kishaufu alianza kulia na kufuata watu. Mbuzi anayelia porini atawaua wote. Bi Mwanasha akamvuta jikoni, akamfunga nguzoni kwa fundo la mtumbwi, akafunga mlango kwa kufuli, akavaa ufunguo shingoni. Alidhani wanarudi kesho. Kesho ile ikaota ndevu.

Sumaili alifia ukimbizini, kwa ugonjwa wa kifua. Kaka yake Bi Mwanasha alizama akivuka kwenda visiwani. Akabaki yeye na binti yake Zaituni, wakarudi mpaka Palma, wakapanga chumba jirani na kwangu. Na Zaituni alikuwa mjamzito.

Bi Mwanasha hakuwa akilala. Akisikia mbuzi yeyote, hata wa bucha, anaziba masikio. "Yuko mle ndani bado," ananiambia. "Namsikia anavuta. Mbili zimeshakuja. Ya tatu inamtafuta mwanangu."

Uchungu ukamshika Zaituni. Wanawake wa uani wakasema mtoto amekaa vibaya, huyu apelekwe hospitali sasa hivi. Bi Mwanasha akakaa chini mlangoni, miguu huku, mgongo huku, hapiti mtu.

"Hatoki humu," akasema. "Ile ya tatu iko barabarani inamngoja. Mpaka kamba ile ifunguliwe."

Ndani Zaituni analia sauti ambayo mie nimeisikia kwa wanyama tu. Wanawake wakataka kumnyanyua mama wamtupe pembeni, naye akashika nguzo za mlango kwa mikono miwili, na wallahi mtu mwenye hofu ni mzito kuliko ng'ombe. Mimi nimeshika wote wawili.

Nikamkimbilia dotoro Armindu, maana ndiye mwenye gari. Njiani nikamweleza habari ya mauti tatu. Akaja, akapiga magoti.

"Mama, ni neno la Kireno tu. Maana yake kutesa. Hakuna mauti tatu."

Nikamtafsiria. Bi Mwanasha akamtazama.

"Mume wangu alikufa kwa Kireno?"

Dotoro akanigeukia nimtafsirie.

"Maana yake kutesa?" akasema tena Bi Mwanasha. "Basi ndiyo hiyo hiyo. Nilimtesa." Akavua ufunguo shingoni akanipa. "Shemeji, nenda. Kimbia."

Tukaondoka na dotoro. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akauliza tunakwenda kufanya nini kule, hakuna watu kule. Dotoro akamwambia ukweli: kufungua mbuzi. Askari akamtazama, akanitazama mie, akainua kamba ya kizuizi. Labda naye ana mama.

Vijana, mnanijua kwa chumvi. Beberu wa Tungue hakunifikisha majini, aliniachia sokoni. Lakini kutoka hapa msinipunguzie hata kidogo, maana hapa sijatia kitu.

Tuliingia kile kijiji jua liko utosini, kivuli kimejificha chini ya miguu. Hakuna jogoo. Hakuna mchi. Mipapai imeota ndani ya nyumba na kutokeza vichwa madirishani kama watu wanaochungulia. Juu ya kila kizingiti amekaa paka, paka mmoja kwa nyumba moja, wamekonda, wanatutazama kama wenye nyumba wanaomngoja mpangaji. Nikawatolea salamu. Mcheke mkitaka, nilitoa salamu.

Tulipofika uwanjani dotoro akakanyaga breki.

Kwenye goli la mpira walikuwepo mbwa. Wamekaa mstari. Mstari ule ule wa siku ya chanjo, mmoja nyuma ya mwingine, wa mwisho yuko mbali kule kwenye nyasi. Hakuna aliyebweka. Nikatazama mikia, kama nilivyofundishwa, na mikia yote ilikuwa imelala, imetulia, mikia ya mnyama aliyeshikwa vizuri. Yule wa mbele alikuwa ameinua kidevu. Kimepanda juu kidogo, kama kinavyopanda mtu akitia kiganja chini ya taya.

Hakukuwa na mtu.

"Wanatungoja," dotoro akanong'ona. Alikuwa mweusi kama mimi, mara akawa wa kijivu.

"Hawatungoji sisi," nikamwambia. "Kuna mshikaji keshaanza kazi. Twende jikoni."

Kufuli lilikuwa limeliwa na kutu, rangi ya udongo. Nikasema hili halifunguki mpaka kwa nyundo. Ufunguo ukazunguka laini kama umetiwa mafuta ya nazi. Nikausukuma mlango, nikaiandaa pua, maana kazi yangu imenifundisha harufu ya mnyama aliyesahauliwa. Harufu haikuwepo. Kulikuwa na harufu ya maji.

Hakuna mbuzi. Hakuna mfupa, hakuna ngozi, hakuna hata unywele mweupe. Kuta za udongo nzima, dirisha dogo la moshi halipitishi hata kuku. Chini karibu na nguzo kulikuwa na bakuli la bati lenye ukingo wa buluu, limejaa maji mpaka juu.

"Mvua," akasema dotoro haraka. "Makuti yametoboka."

"Kweli yametoboka," nikasema. "Lakini mvua haisugui bakuli kwa mchanga." Lilikuwa linang'aa.

Halafu nikaitazama nguzo. Fundo la mtumbwi la Sumaili halikuwepo. Kamba ilikuwa imefungwa upya, safi, bila haraka, kama mtu aliyemaliza kazi akaweka chombo chake mahali pake. Fundo la kwaheri. Mkia unaningʼinia kushoto.

Mie hufunga kulia. Watu wawili tu tulilijua fundo lile katika nchi hii, na mmoja nilimshika miguu kumteremsha.

Dotoro akavua kofia. Nikashika mkia wa kamba, nikavuta mara moja. Fyuu. Kamba ikadondoka, na hapo hapo nyuma ya jiko mbuzi akalia. Mara moja tu, sauti kubwa ya kishaufu, kama mtu anayekuita umtazame. Tukatoka mbio kuzunguka nyumba. Nyasi. Nyasi zimesimama, hakuna zilizokanyagwa. Kule uwanjani mbwa wote wameondoka mstarini, wamesimama wanatazama upande wa bara, njia ya kwenda uwandani, kama watu wanaosindikiza.

Gari lile lilivyorudi Palma sitawaambia. Mashimo ya barabara ya Olumbi mengine hatukuyagusa kabisa.

Bi Mwanasha alikuwa pale pale mlangoni. Ndani Zaituni sasa halii tena, anaguna tu, na hilo ni baya zaidi, mie najua mnyama anaponyamaza. Nikamtupia mama kamba mapajani.

"Imefunguliwa, shemeji! Inuka!"

Akaishika. "Umeifungua wewe?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Watu wote uani walinitazama wakitaka niseme ndiyo. Lakini mwanamke yule alikuwa amemtandikia Mgeni mkeka miaka mingi, angejua nadanganya.

"Tumekuta imeshafunguliwa," nikasema. "Mlango una kufuli lako. Ndani mbuzi hayupo. Kamba imefungwa nguzoni fundo la kwaheri, mkia kushoto. Na bakuli la buluu limetiwa maji."

Akaigeuza kamba mikononi.

"Mgeni."

"Mgeni alikufa, shemeji."

"Alifia wapi?"

"Kwako. Kwenye mkeka wake."

"Kabla ya tangazo la uwanjani au baada?"

"Baada. Mvua zile zile. Kishaufu alikuwa na kidonda bado."

Akainua mkono wake akautazama kama si wake. Akakunja kidole kimoja. "Sumaili." Akakunja cha pili. "Kaka yangu." Cha tatu kilikaa wima, na watu wote uani tunakitazama kile kidole. Akakikunja.

"Hatukumhesabu," akasema. "Kala kwangu, kalala kwangu, kafa kwangu, na hatukumhesabu."

Akainuka. Mwenyewe, bila kushikwa.

"Mnangoja nini?" akatupigia kelele. "Mtoeni mwanangu!"

Zaituni alikwenda hospitali amelala nyuma ya gari la mifugo, kichwa juu ya sanduku la chanjo, mama yake kamshika chini ya taya, kiganja wazi. Sijui nani alimfundisha. Zaituni alipona, mtoto alizaliwa wa kike, na kelele zake, astaghafirullah, mbuzi mtupu. Tulirudi kule kijijini na dotoro baadaye, watu walipoanza kurudi, tukawachanja wale mbwa. Walituuma wote. Nilifurahi sana kuumwa.

Sasa sheria mnaijua. Maus-tratos ni kutesa, si mauti tatu, na dotoro siku hizi akija huongea Kiswahili mwenyewe, maana hamwamini tena mtu mwenye sikio moja. Mie nimestaafu, magoti yangu yamekwenda na wale mabeberu. Kwa Bi Mwanasha kuna bakuli la maji mlangoni kila siku, na mtu akilala pale hata usiku mmoja anaulizwa jina lake.

Mnaobaki na kazi, fungeni wanyama wenu kwa fundo la kwaheri. Mkia wa kamba utupeni kulia, kama mimi. Na siku mkiamka mkakuta umehamia kushoto na maji yamejaa, msiulize maswali mengi. Semeni asante, Mzee Paulo, muende mkanywe chai.